Usingizi wa Nne na Sheria ya Tatu

20 Aprili
Dada Muhayyo, nisamehe kwa kukawia. Daftari hili ulinipa siku ya mwaka mpya wa Navruz, ukaniambia: andika ulichopitia kila siku, likijaa nitumie, nione kama umeelewa au umekariri kama kasuku. Mwezi mzima limelala chini ya magodoro. Kila nikikunja matandiko asubuhi naliona, naona haya, nalifunika tena. Sina udhuru wa maana. Kuna Binafsha anayeota meno manne kwa mpigo, kuna ng'ombe, kuna ua ambao mkazamwana lazima awe ameshaufagia kabla mama mkwe hajafumbua jicho. Lakini wenzangu tunaosoma nao kwa masafa nao wana watoto na ng'ombe, na wanaandika.

Basi naanza. Mtihani ni tarehe 25 Mei, mekanika yote: mwendo, kani, msuguano, kazi na nishati. Ukipata chini ya sitini umeanguka.

Mayai ya viwavi wa hariri yaliletwa jana, kisanduku kimoja. Tumekunja zulia la chumba kikubwa, tumepaka kuta chokaa, tumefunga vichanja vya kuwalazia. Mama mkwe alisimama katikati ya chumba, ufagio mkononi, akaniambia, "Mimi sikukatazi kusoma. Mwanangu Ulmas yuko Urusi anabeba zege, na wewe ukiwa mwalimu atarudi mapema. Hilo nimelielewa. Ila siku kitabu kitakapowagusa viwavi wangu, kitaingia tanurini. Nikisema nimesema."

"Hakitawagusa, Mama."

"Haya. Leta maji."

23 Aprili
Wameanguliwa. Weusi, wadogo kama vumbi la chai. Sijasoma.

26 Aprili
Umbali na uhamisho. Umbali ni njia yote uliyotembea. Uhamisho ni kutoka ulipoanza mpaka ulipoishia, moja kwa moja. Leo nimekwenda mara tatu kwenye miforosadi iliyo kando ya mfereji, kukata majani na kurudi. Umbali wangu ni kama kilomita tano. Uhamisho wangu ni sifuri.

Nilimsomea Robiya, akacheka mpaka sindano ikamchoma. "Mdogo wangu, hiyo siyo fizikia, hayo ndiyo maisha ya mke. Hata kitabu kinakwambia hujatoka nyumbani!"

Robiya unamkumbuka, yule mshonaji wa ng'ambo ya ukuta, ambaye ndoa yake ilivunjika bila mtoto akarudi nyumba ya marehemu baba yake. Kila mchana anamchukua Binafsha kwa saa mbili ili mimi nisome. Hajawahi kuniomba chochote. Mama mkwe anasema mwanamke asiye na mtoto akipenda mno mtoto wa mwenzie si vizuri, lakini anamwachia, kwa sababu Binafsha akiwa kwa Robiya halii.

28 Aprili
Usingizi wa kwanza. Viwavi wameinua vichwa na kutulia tuli, hawali. Watalala mara nne kabla ya kusokota, na kila wakiamka wamevua ngozi na wanakula maradufu. Wakilala watu hawapazi sauti, na siku yote hakuna majani ya kukata. Kwa hiyo siku yao ya kulala ndiyo siku yangu ya kusoma. Nimemaliza mchapuko wote.

2 Mei
Usingizi wa pili. Tungamo na uzito. Tungamo la gunia la majani ni lile lile hapa na mwezini. Uzito ndio unaobadilika. Mgongo wangu haujui tofauti.

4 Mei
Mama kanikemea nimekaanga vitunguu. Harufu inawaudhi viwavi. Nilisahau. Tumekula mkate na maziwa mgando.

7 Mei
Usingizi wa tatu. Leo nimekwama sheria ya tatu na karibu nilie. Inasema nikikusukuma, nawe unanisukuma kwa kani ile ile, ya upande wa pili. Sasa, punda akivuta mkokoteni, na mkokoteni ukimvuta yeye kwa kani hiyo hiyo, wanakwendaje? Si wangesimama pale pale mpaka kiama?

Nilikwenda na kitabu kwa Robiya. Alikuwa anashona mto wa bibi harusi, subana ya chuma kidoleni, Binafsha kalala mapajani. Shule yake iliishia darasa la saba.

"Punda anasukuma nini?" akaniuliza.

"Anavuta mkokoteni."

"Mbele anavuta. Kwa miguu je? Si anaipiga teke ardhi nyuma?"

"Ndiyo."

"Basi na ardhi inamrudishia teke kwenda mbele. Mtie kwenye barafu uone kama atakwenda." Akakata uzi kwa meno. "Kumbe hata ardhi hairuhusu mtu aonewe bure. Inarudisha."

Dada, niliona haya. Kitabu kinasema hivyo hivyo kwa kurasa tatu. Kani mbili za sheria ya tatu hazifutani kwa sababu haziko juu ya kitu kimoja: moja iko kwako, ya pili iko kwangu. Nimeandika hapa kwa maneno yangu ili uone kwamba sasa nimeelewa.

9 Mei
Mvua ya mawe kidogo. Hakijaharibika kitu.

12 Mei
Usingizi wa nne, wa mwisho. Nyumba imetulia kama msikiti siku ya kazi. Nimefanya maswali ishirini ya msuguano, kumi na tano sahihi.

14 Mei
Wameamka. Ukisimama mlangoni unasikia wanavyotafuna, kama mvua juu ya bati. Sasa ni siku nane za kula bila kupumua. Nimekata majani mara sita. Kitabu kinasema ukibeba mzigo ukatembea tambarare bila kuuinua wala kuushusha, hujaufanyia kazi yoyote. Ningependa aliyekiandika aje hapa siku moja.

16 Mei
Mama amekwenda msibani kijiji cha kaka yake, atarudi baada ya siku tatu. Kabla ya kutoka alinishika mkono, akanifungua kiganja kama mtoto. "Ikinyesha, jani lisiingie chumbani na maji. Jani lenye maji ni sumu kwao. Litandaze barazani, lipindue, lipindue tena, kisha lifute kwa kitambaa. Kiganja kikitoka kikavu, ndipo uwape. Wakilia njaa waache walie."

"Nimesikia, Mama."

Imenyesha tangu alipotoka.

17 Mei
Hakuna jipya. Mvua imekatika.

19 Mei
Nimeandika uongo hapo juu, dada. Lilikuwepo jipya, tena siku ya tarehe 16. Nilinyamaza hata kwenye daftari ambalo bado hakuna anayelisoma ila mimi.

Siku ile majani yalikuwa yanadondosha maji. Niliyatandaza barazani, nikakaa pembeni na swali la gunia linaloteleza kwenye ubao ulioinama. Nilijiambia: nikimaliza hili nitayapindua. Likazaa jingine. Nilipoinua kichwa saa mbili zilikuwa zimepita, nilikuwa sijapindua hata jani moja, na chumbani viwavi wote wameinua vichwa wanatafuta. Nikaanza kuwagawia.

Robiya alikuja kunirudishia Binafsha. Alisimama kizingitini, kwa sababu anajua mtu wa nje haingii chumba cha viwavi. Aligusa fungu la majani, akatazama kidole chake.

"Zumrad, haya hayajakauka."

"Yatakauka ndani. Jiko linawaka."

"Mdogo wangu, yana maji."

"Dada Robiya, tafadhali, nimebakiza sura mbili!"

Nilimkaripia. Yeye, ambaye saa mbili nzima alikuwa amembeba mwanangu. Wakati huo huo Binafsha alimponyoka akatambaa chini ya vichanja. Robiya akavua viatu, akaingia, akamvuta kwa mguu, akatoka. Haikufika dakika moja.

Nikagawa majani yote. Nikafunga madirisha ili joto liyakaushe. Nilidhani nimefikiri kisayansi.

Leo asubuhi vichanja vya chini vinanuka. Viwavi wamelegea, ukiwashika wanapasuka, maji meusi. Mama amerudi saa nne. Hakuvua hata kilemba cha msiba.

20 Mei
Tumetupa zaidi ya nusu. Tumewazika kwenye shimo nyuma ya zizi. Mama anawahesabu kwa midomo bila sauti, na mimi nashika beleshi.

Jioni, akifagia chini ya vichanja, aliikuta subana ya Robiya. Ilimtoka siku ile akimvuta mtoto. Mama aliiweka kiganjani, akaitazama muda mrefu.

"Aliingia humu?"

Dada, hapa ndipo pa kuniuliza siku ya kiama. Ningeweza kusema: aliingia kumtoa mjukuu wako, na viwavi nimewaua mimi kwa majani ya maji. Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Nikaona kitabu kikiingia tanurini. Nikaona tarehe 25.

Nikasema, "Aliingia kidogo, Mama."

"Nilijua," akasema. "Jicho la mtu mwenye kiu."

Alichoma isiriq, mmea mkavu wenye mbegu wa kufukuzia jicho baya, akazungusha moshi wake chumbani, kisha akatoka nao mpaka barabarani, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ukuta, "Jicho lililochungulia riziki yangu lipasuke kama mbegu hizi!" Mbegu zikawa zinapasuka motoni. Cherehani ya Robiya ikanyamaza.

21 Mei
Nimesoma. Siwezi kusema nimesoma nini.

22 Mei
Viwavi waliobaki wamepanda kwenye vichaka vikavu, wanasokota. Mama ananisifu kwa majirani: "Mkazamwana wangu alihangaika peke yake, maskini, na mvua ile yote." Nilikuwa namenya karoti za pilau. Nikajikata kidole. Nilifurahi kukikata.

23 Mei
Mama wa bibi harusi amekwenda kwa Robiya kuchukua vitambaa vyake, vingine havijakatwa. Baadaye Sharofat, jirani yetu wa mkono wa kushoto, naye akachukua godoro lake. Hakuna anayetaka matandiko ya harusi ya binti yake yashonwe na jicho baya. Wote walipita mbele ya lango letu, na Sharofat alinikonyeza kana kwamba tuko timu moja.

Binafsha amesimama ukutani siku nzima akiita, "Obi! Obi!" Ndivyo anavyomwita Robiya.

24 Mei
Robiya aligonga lango mchana, Mama alipokuwa amelala. Hakuingia. Alininyooshea kiatu kimoja cha Binafsha.

"Kilibaki kwangu."

Nilisema, "Dada Robiya…" nikakipokea kiatu.

Alikuwa ameshajua kila kitu, tangu aliposikia mbegu zinapasuka. Alijua pia kwamba angeweza kusimama hapo hapo langoni akasema neno moja tu, majani, na Mama angeelewa. Hakulisema. Aliniambia, "Mtihani kesho? Soma vizuri. Angalau mmoja wetu atoke na kitu."

Ningependa angenipiga.

25 Mei
Nimekwenda mjini kwa basi la alfajiri, nimefanya, nimerudi.

Nakueleza swali la saba tu. Lori la tani kumi limegongana na mkokoteni wa kilo mia moja. Nani amepata kani kubwa zaidi? Mwanafunzi wa mbele yangu aliandika lori haraka haraka na kusonga mbele. Mimi nilijua. Kani ni ile ile kwa wote wawili, sawasawa, hakuna aliyependelewa. Kinachotofautiana ni tungamo. Chepesi ndicho kinachorushwa. Lori linatikisika kidogo, dereva anasema lo!, anaendelea. Mkokoteni unakutwa mtaroni.

Niliandika jibu. Kisha nikabaki nalitazama. Maneno ya Mama yangenipata mimi, ningetikisika: nina mume, hata kama yuko mbali, nina mtoto, nina jina la nyumba hii mgongoni. Yalimpata mtu asiye na chochote cha kumshikilia chini. Na aliyemweka barabarani ni mimi.

Msimamizi aliponigusa bega alikuwa anakusanya karatasi. Maswali manne ya mwisho sikuyagusa.

28 Mei
Hamsini na nne.

Nimemwambia Mama matokeo bado. Uongo wa pili umetoka rahisi kuliko wa kwanza, kama kigurudumu kinachoteremka.

30 Mei
Leo ilikuwa hashar ya kuchuma vifukofuko vya hariri. Desturi unaijua: majirani wote wanawake huja, hakuna anayelipwa, wanakaa duara wakichuma na kusengenya, kisha wanakula pilau. Mwaka jana Robiya ndiye aliyekuwa anatuchekesha. Mwaka huu hakuitwa. Kuacha kuitwa hashar ni kama kufutwa jina mtaani.

Vifukofuko vilikuwa vichache. Walipomaliza mapema, Sharofat akajinyoosha, akasema, "Enhe! Mwaka huu hata mikono haijachoka. Tumshukuru mshonaji, katupunguzia kazi!"

Wakacheka. Mmoja akasema, "Si angejitia jicho mwenyewe apate mume?"

Wakacheka zaidi. Mama hakucheka. "Asitajwe uani kwangu," alisema.

Binafsha alikuwa katikati ya duara anarusha vifukofuko hewani. Aliposikia wanacheka akapiga makofi na yeye. Akasema, "Obi?" akageukia ukuta.

Nikasimama. Nikasema, "Jicho hakuna. Ni majani. Siku ya mvua nilikaa na kitabu, sikuyapindua, nikawapa viwavi na maji yake. Dada Robiya alinikataza, nikamkaripia. Aliingia chumbani kumtoa mwanangu chini ya vichanja. Yeye alijua ni mimi, na amenyamaza kwa ajili yangu. Na mtihani wenyewe nimeanguka."

Sharofat alianza kuchuma kifukofuko ambacho kilikwisha kuchumwa.

Mama aliinuka polepole, mkono kiunoni. Nilidhani ananijia. Alikwenda kwenye sufuria, akafunua pilau, akaipakua, akawapa wageni mmoja mmoja kwa mikono miwili kama inavyopasa. Hakunitazama mpaka wa mwisho alipotoka langoni. Ndipo akasema, sauti ya chini mno, "Nimesimama barabarani, mimi, na nywele hizi nyeupe, nikamlaani mtu aliyemlea mjukuu wangu. Na wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu unanishikia mkaa."

"Ndiyo, Mama."

"Viwavi ningewalia siku tatu. Hili nitalilia mpaka lini?"

Nilikimbia kwa Robiya. Lango limefungwa kwa kufuli. Mtoto wa nyumba ya pili aliniambia amekwenda kwa kaka yake mjini Qo'qon tangu jana, kwa kuwa hapa hakuna tena kazi, na atarudi tarehe kumi Juni na gari, kuchukua cherehani. Kuchukua cherehani ni kuhama, dada.

31 Mei
Siku ya mkate. Mama aliwasha tanuri, akangoja likolee. "Kilete," akasema.

Nilikileta kile kitabu ulichonipa, cha mekanika, chenye jina lako ukurasa wa kwanza. Hakukirarua. Alikiweka katikati ya moto taratibu, kama mtu anayeweka kuni. Tukakitazama mpaka jalada likajikunja. Kisha akabandika mikate, yote kumi na miwili. Iliiva vizuri.

Alipotoa wa kwanza aliumega, akanipa nusu. "Nilisema nitakichoma, nimekichoma. Neno langu nimelitimiza. Sasa, huo mtihani unarudiwa lini?"

"Tarehe 18 Juni, Mama."

"Basi mwandikie dada yako alete kingine. Nami mwakani siendi msibani viwavi wakiwa macho." Alitafuna. "Na Robiya?"

"Atarudi tarehe kumi. Nataka nimvike kitambaa mabegani nimwombe radhi. Mbele ya lango, watu wakiona."

"Mbele ya lango," akakubali. "Nami nitakwenda."

"Twende pamoja, Mama, kwa kitambaa kimoja…"

"Thubutu! Kosa lako ni lako, langu ni langu. Usinibebeshe lako wala usinibebee langu." Akajifuta uso kwa mkono wenye unga. Subana ya Robiya ilikuwa kidoleni mwake. Sijui ameivaa tangu lini.

Sijui kama Robiya atafungua, dada. Nikiwa yeye nisingefungua. Lakini atatukuta tumesimama pale.

Daftari hili nampa dereva anayekuja Toshkent kesho. Lisome lote, hata tarehe 17. Tafadhali nitumie kwa dereva huyo huyo, vifike kabla ya tarehe kumi:

Kitabu cha mekanika, kile kile, hata kama ni kikuukuu, mradi sura ya sheria ya tatu isiwe imechanika.
Daftari la miraba, moja.
Betri mbili ndogo za kikokotoo, za duara.
Sindano za cherehani namba kumi na nne, pakiti moja, kwa sababu zake zilikuwa zinakaribia kwisha.
Vitambaa vya hariri vya kichwa, viwili. Kimoja rangi ya komamanga, hicho nitakibeba mimi. Kingine Mama anasema uchague wewe, ila kiwe kizuri kuliko changu.